Nina mfumo wa maduka ya dawa, niwape wateja mwezi mzima bure?

Swali: Shikamoo kaka. Mimi ni developa niko Mwanza, nimetengeneza mfumo wa mauzo na stoo kwa ajili ya famasi na maduka ya dawa muhimu, bei yangu 25,000 kwa mwezi kwa duka. Kuna jamaa mwingine hapa mjini anatoa mwezi wa kwanza bure nikaona na mimi niige, nimeshawapa maduka 6, sasa hivi ni wiki ya tatu na ninaona mawili tu ndo yanaingiza mauzo. Je hizi siku za bure zina maana kweli kwenye mifumo ya biashara au najichosha? Na kama zina maana niweke siku ngapi, 7, 14 au 30?

Marahaba mdogo wangu.

Nianze na hapo kwenye siku ngapi, maana kila mtu anaulizaga hilo na ndo lenye umuhimu mdogo kuliko yote. Mi mwenyewe nilipoanza kuuza mfumo wa maduka ya hardware Dar nilikaa wiki nzima nabishana na mwenzangu kama iwe 14 au 30, tukaweka 30 kwa sababu inasikika vizuri ukiitamka mbele ya mteja. Basi. Hamna utafiti wala nini.

Mteja wangu wa tatu au wa nne hivi alikuwa mzee mmoja wa Mbagala, duka kubwa tu la vifaa vya ujenzi. Nikamfungia mfumo, nikamwelekeza dogo wake wa kaunta nusu saa, nikaondoka zangu. Siku ya 29 nikarudi na kitabu cha risiti mkononi, nakuta laptopu imefunikwa kitenge na juu yake kuna kopo la rangi. Nikafungua. Bidhaa zilizoingizwa ni 11. Na pale dukani kuna nondo za mm 10, 12 na 16, bati geji 28 na geji 30, misumari ya kila inchi unayoijua, koki, PVC, gundi, yaani vitu zaidi ya elfu moja, halafu mfumo unajua vitu 11. Pembeni dogo anaandika kwenye kaunta buku kama siku zote, kalamu ya bluu mauzo, kalamu nyekundu madeni. Mzee akaniambia mwanangu mfumo wako mzuri sana, hebu niongezee mwezi mmoja nimalize kuujaribu. Nikamwongezea, ningefanyaje. Mwezi wa pili nilivyorudi zilikuwa bado 11 zilezile, ya mwisho kwenye orodha ilikuwa gundi.

Nilimlaumu yule mzee muda mrefu kabla sijaelewa kwamba kosa lilikuwa langu. Mzee hakuwahi kuwa na shida na bei. Ukimwuliza leo mtu mwenye famasi Nyegezi au Igoma kama 25,000 kwa mwezi inamshinda atakucheka, ile ni hela ya maboksi machache tu ya dawa. Kinachomshinda ni kuingiza dawa 600 moja moja na bachi namba na tarehe ya kuekspaya na bei ya kununulia na bei ya kuuzia, huku wateja wamesimama dirishani wanataka Panadol. Gharama ya mfumo wa biashara iko hapo, kwenye ile kazi, na we ulivyosema "mwezi bure" hujamwondolea hata dakika moja ya ile kazi, umemwondolea kitu ambacho hakikuwa kinamuuma. Halafu umemwachia na sababu ya kuahirisha, maana siku 30 ni nyingi, nitaanza Jumatatu, Jumatatu inafika kuna mzigo umeingia, basi nitaanza mwisho wa mwezi.

Sasa utaniuliza mbona wenzetu wanafanya na wanafanikiwa. Wanafanikiwa ndio, ila angalia wanachofanya kwa ukaribu usiangalie tangazo.

Kwanza mambo ya kadi. Programu nyingi za huko nje unajisajili kwa kadi ya benki, siku zako zikiisha hela inakatwa yenyewe, kwa hiyo mteja asipofanya chochote anakuwa amenunua. Huku kwetu mteja asipofanya chochote anakuwa ameondoka. Analipa kwa lipa namba, lazima ashike simu, aingize namba, aweke namba ya siri, na kabla ya hapo lazima akumbuke, na kabla ya kukumbuka lazima awe anakuhitaji. Kwa hiyo ile hesabu ya siku 14 unayoiona kwenye saiti za watu imejengwa juu ya kitu ambacho we huna, ukiichukua kama ilivyo umebeba paa bila nguzo.

Pili, wengi waliofanikiwa kwa bure hawakutoa siku, walitoa kipimo cha matumizi. Slack, ile apu ya kuchati kazini, walivyofungulia watu wote 2014 hawakuwa wanakwambia una siku 30, walikuwa wanakuwekea kikomo cha meseji, ukiwa kwenye mpango wa bure unaziona 10,000 za mwisho tu, zilizotangulia zinajificha mpaka ulipe (2022 wakabadilisha ikawa siku 90 za historia). Bosi wao wa wakati huo Stewart Butterfield alishasema hadharani kwamba timu zilizofika meseji 2,000 asilimia 93 zilikuwa bado zinatumia. Hebu tafakari hicho kipimo bana. Hakuhesabu siku toka wajisajili, alihesabu kazi iliyofanyika ndani. Timu inaweza kufika 2,000 kwa wiki moja na nyingine ikakaa nusu mwaka haijafika. Zoom nao wanakupa dakika 40 za mkutano, mkutano unakatika bosi yuko katikati ya sentensi na mwisho wa mwezi ofisi inalipia.

Na Tally, programu ya uhasibu ambayo wahasibu wengi huku wanaijua, ina ile hali ya kujifunzia ambayo ukiwa huna leseni unaingiza miamala ya tarehe chache tu za mwezi. Mi naipenda sana hii. Mwanafunzi wa uhasibu anajifunza mpaka anakuwa fundi, anaizoea vidole vyake vyote, ila hamna duka linaloweza kuendesha biashara kwa siku chache za mwezi, kwa hiyo anayejifunza hazuiliwi na anayefanya biashara hawezi kuitumia bure. Sijui aliyeibuni alikuwa nani ila alikaa akafikiri.

QuickBooks, nayo ya uhasibu, wao wamekuwa wakikuwekea vitu viwili mezani, ama ujaribu siku 30 bure ama ununue sasa hivi kwa punguzo la miezi ya mwanzo, huwezi kuchukua vyote. Maana yake anayejua anachotaka hapotezewi muda, anapewa sababu ya kulipa leo.

Tatu, na hapa ndo wengi tunajikwaa, siku za bure lazima zifike mahali ambapo mfumo unaonyesha faida yake. Apu ya kutengeneza invoisi inaonyesha faida ndani ya dakika kumi, umeandika, umetuma WhatsApp, mteja kaona logo yako, umefurahi, siku 7 zinatosha na zinabaki. Mfumo wa mishahara je? Huo lazima uvuke siku ya mshahara na uvuke tarehe 7 ambayo PAYE, kodi ya mishahara, inatakiwa iwe imeshalipwa TRA, ukimpa mhasibu siku 14 kuanzia tarehe 8 zinaisha hajaona chochote, ameona menyu tu. Mfumo wa VAT unataka tarehe 20 ya kupeleka ritani ifike. Mfumo wa ada za shule unataka muhula mzima. Vikoba na SACCOS utamu wote uko kwenye mgao wa mwisho wa mwaka na huwezi kumpa mtu mwaka mzima bure ukabaki na nguo mwilini, kwa hiyo huko hamna cha jaribio la bure, huko ni demo, mkataba, malipo ya awali na uvumilivu.

Wewe una bahati ambayo naona hujaiona. Duka la dawa lina ripoti moja ambayo haisubiri mwisho wa mwezi, nayo ni dawa zinazokaribia kuekspaya. Mwenye duka akishaona kwenye skrini kwamba ndani ya siku 90 zijazo dawa za laki nne na nusu zinaenda kuwa takataka, na ziko shelfu ya pili kule nyuma ya ORS, hutakuwa na haja ya kumwelezea habari za mfumo tena. Atanyanyuka aende kuziangalia kwa macho yake. Nimewahi kukaa na mama mmoja mwenye famasi tukafanya hiyo kitu kwenye Excel tu, wala haukuwa mfumo, alivyoona jumla alinyamaza kidogo halafu akamwita mtoa dawa wake kwa jina, mara mbili, kwa sauti ambayo mi mwenyewe nilitaka kutoka nje.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni huu, acha kutoa siku, toa shelfu moja. Mwambie mwenye duka nakuja Jumanne saa nane mchana muda ambao wateja wamepungua, naomba uwepo wewe mwenyewe, usiniachie kijana, nitaingiza shelfu moja tu ya dawa bure, we ndo uchague ipi. Mshauri achague antibayotiki, kwa sababu zina bei na zinakaa. Utaingiza labda dawa 50 au 60 na tarehe zake, ni kazi ya mchana mmoja ukiwa na orodha ya majina umeshaiandaa kabla (na uwe umeiandaa, usije kukaa dukani kwa mtu unaandika "Amoxicillin" herufi moja moja kama unapiga taipureta). Ukimaliza bonyeza ripoti, mgeuzie laptopu, nyamaza. Kama shelfu ile haina kitu kinachokaribia kuisha muda, mpongeze, na ujue kwamba huyo anajipanga vizuri na pengine kinachomsumbua ni wizi au madeni, mpe ripoti nyingine.

Hiyo ndo inakuwa jaribio lako. Limeanza na kuisha siku moja, na halina siku ya 29 ya kurudi kuomba hela kama mtu anayedai deni.

Baada ya hapo kuingiza shelfu zilizobaki ni kazi ya kulipiwa. Usiogope. Sema 60,000 au kiasi chochote kinacholipa vijana wako siku mbili, hiyo ni ya kuingiza stoku yote na kufundisha, halafu 25,000 ya kila mwezi inaanza siku mauzo ya kwanza yanapoingizwa na siyo siku ya kusajiliwa. Na kama unataka kumwondolea hofu mwambie ikifika siku ya kuhesabu stoku mwisho wa mwezi, ukaona haikusaidii, 60,000 yako narudisha. Watu wanaogopa sana kuahidi kurudisha hela ila mtu ambaye dawa zake 600 ziko ndani ya mfumo na amezoea kuona mauzo ya jana kwenye simu akiwa kitandani harudi kwenye daftari kirahisi, kwa upande wangu waliodai warudishiwe niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja na wawili kati yao walikuwa na haki kabisa, printa ilikuwa inagoma kila baada ya risiti tatu.

Tupige hesabu kidogo uone kwa nini nakusisitizia hiyo ada ya mwanzo. Tuseme kila duka la bure linakula 45,000 yako, hiyo ni bodaboda za kwenda na kurudi, posho ya kijana anayekusaidia kuingiza, bando, na zile simu za "kaka paswedi imegoma". Maduka 10 ni 450,000. Tuseme yakabaki matatu, na matatu ni mazuri usijidharau, unaingiza 75,000 kwa mwezi. Itakuchukua miezi 6 kurudisha hela uliyotoa mfukoni, na hapo sijaweka sava, sijaweka muda wako, na katika miezi hiyo 6 kuna mmoja kati ya wale watatu atafunga duka au atamwuzia shemeji yake. Makampuni ya nje yanaweza kubeba hiyo kwa sababu mtu wa 10,001 akijaribu bure hamna anayepanda bodaboda. Jaribio la bure lina mantiki pale ambapo mteja mmoja zaidi hakugharimu karibu chochote. Mfumo ambao lazima uende dukani na laptopu haujawahi kuwa wa aina hiyo, hata kama uko kwenye intaneti.

Kuna kitu kingine hujaniuliza ila nimekiona kwenye swali lako. Umesema "mawili tu ndo yanaingiza mauzo". Nani anaingiza? Maana anayekuelewa ni mwenye duka, naye mara nyingi hayupo, ni daktari yuko zamu hospitali au ni mtumishi mahali, na anayetakiwa kubonyeza ni mtoa dawa wa kaunta ambaye mfumo wako kwake ni kamera tu. Amezoea kupokea 3,000 akaandika 2,500. Siyo wote, wengi ni waaminifu kabisa, ila hata aliye mwaminifu hapendi kazi mara mbili, daftari na laptopu. Ukimwachia huyo muda wa majaribio bila mwenye mali kuangalia, utasikia mtandao ulikuwa chini, umeme ulikatika, chaja imeharibika, na vyote vinaweza kuwa kweli. Ndo maana nimekwambia siku ya shelfu mwenye duka awepo. Na mtoa dawa naye mpe kitu chake, mwonyeshe kwamba akitafuta bei ya dawa haendi kumpigia bosi simu, na kwamba hesabu ya jioni inajifunga yenyewe anaondoka saa moja badala ya saa mbili. Akikupenda huyo umemaliza.

Halafu muda ukiisha au mtu akichelewa kulipa usimfungie data zake. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimelifanya, nilikuwa kijana. Mfungie kuingiza mauzo mapya, ila aweze kuona ya nyuma na kuyatoa kwenye Excel. Wenye maduka ya dawa wana magrupu yao ya WhatsApp, wanaagiza mzigo pamoja, mmoja akisema "yule kijana ameshika stoku yangu" umeisha mkoa mzima. Na kumbuka kama unahifadhi majina ya wagonjwa na vyeti vya dawa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 haina kipengele cha "huyu alikuwa anajaribu tu". Taarifa ya mtu wa bure ni taarifa, asipoendelea na wewe usikae nayo tu kwenye sava kama kumbukumbu ya harusi.

Kuhusu huyo jamaa anayetoa mwezi mzima bure, muache. Mwenye duka akikwambia mbona fulani ni bure, mwambie sawa kabisa, chukua ya kwake, ila muulize nani ataingiza dawa. Swali hilo moja tu. Kama jamaa anaingiza yeye mwenyewe dawa zote bure basi anakula hasara kila duka na sijui atadumu nayo muda gani, na kama haingizi mwenye duka atarudi kwako baada ya mwezi na laptopu yenye dawa 11.

Sasa hayo maduka yako 6. Leo usiku fungua database uangalie kila duka mauzo ya mwisho yaliingizwa lini na yana bidhaa ngapi. Hayo mawili yanayotumia usisubiri mwezi uishe, nenda wiki hii, wape punguzo wakilipia miezi mitatu kwa mkupuo, na uwaombe wakuelekeze kwa mwenzao mmoja. Katika manne yaliyobaki, yenye bidhaa chini ya hamsini jua kwamba hayajaanza kujaribu, hata ukiyaongezea mwaka, mpigie mwenye duka (siyo kijana) mwambie ule mwezi tuufute, nakuja Jumanne kufanya shelfu moja. Akikuuliza kwani mwezi umeisha mwambie haukuwahi kuanza. Atakayesema njoo, nenda. Atakayesema "nitakucheki" mpe wiki mbili halafu nenda Buzuruga, kuna maduka kibao huko hujabisha hodi.

Na hakikisha printa ya risiti umeijaribu nyumbani kwanza.